"Mtu Wetu" Si Sifa ya Kumpa Mtu Urais

Imani kwamba jamii hupata maendeleo pale mtoto wake anapoingia Ikulu ndiyo inayoamua kura nyingi za urais nchini Kenya, na imewaponza Wakenya kwa muda mrefu mno. Msimu wa uchaguzi ukiwadia, wazee huketi, wanasiasa hupanda jukwaani, na neno huwa lile lile: huyu ni wetu, tumpe kura zote, tusizigawe. Baada ya hapo hakuna anayeuliza mgombea amewahi kushika kazi gani, aliifanyaje, wala atatoza kodi ipi. Anayetaja udhaifu wake huitwa msaliti. Anayesifu jambo jema la mpinzani huambiwa amenunuliwa.

Imani hii haikuzuka hewani. Utafiti wa wanauchumi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu ujenzi wa barabara nchini Kenya, kuanzia 1963 hadi 2011, ulionyesha kwamba wilaya za jamii ya rais zilitengewa takriban mara mbili ya fedha zilizostahili kwa idadi ya watu wake. Wazee wanaokumbuka lami ikifika kwao na kuishia mpakani mwa jirani hawadanganyi. Lakini utafiti huo huo una sehemu ya pili ambayo haitajwi jukwaani: upendeleo ulikuwa mkubwa wakati wa utawala wa kiimla wa chama kimoja, na ulitoweka katika miaka ya vyama vingi. Rais ambaye Bunge lilimpigia makofi tu, na ambaye mpinzani wake alikuwa kizuizini, angeweza kupeleka barabara alikotaka. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa Desemba 1991, mkono wa rais ulianza kufungwa. Anayetafuta "mtu wetu" leo anachagua kiongozi wa demokrasia kwa kumbukumbu za udikteta.

Katiba ya 2010 iliufunga mkono huo zaidi. Siku ya uchaguzi mpiga kura hukabidhiwa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Zahanati iliyoishiwa dawa, barabara ya kijijini inayokatika mvua ikinyesha, chekechea isiyo na mwalimu, afisa wa kilimo asiyeonekana shambani, yote hayo kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba hiyo ni mzigo wa kaunti. Kaunti 47 hugawiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa fomula inayopitia Seneti na isiyouliza rais amezaliwa wapi. Mtu anayetaka dawa katika zahanati yake angefanya vyema kuumiza kichwa juu ya karatasi ya gavana, lakini mara nyingi hasira na matumaini yote humalizikia kwenye ile ya rais.

Kahawa inaonyesha jambo hili kuliko hoja yoyote. Mwishoni mwa miaka ya themanini Kenya ilizalisha karibu tani 130,000 za kahawa kwa mwaka. Mwai Kibaki wa Othaya, Nyeri, alitawala kuanzia Desemba 2002 hadi Aprili 2013, akafuatwa na Uhuru Kenyatta wa Gatundu, Kiambu, hadi Septemba 2022. Kwa karibu miaka ishirini mfululizo Ikulu ilikaliwa na wana wa kaunti zinazolima kahawa, na katika muda wote huo uzalishaji haukurudi hata nusu ya kiwango kile. Mkulima wa Nyeri aliendelea kudamka kuchuma kahawa mbivu, kuichambua juu ya gunia, kuibeba mgongoni hadi kiwanda cha ushirika, kupimiwa kilo zake, kupewa risiti na kurudi nyumbani kusubiri malipo kwa miezi. Wengine walichoka, wakang'oa mibuni. Kiambu, mashamba yakakatwa viwanja vya nyumba. Rais alikuwa wao. Kilichowaumiza kilikuwa vyama vya ushirika vilivyozama katika madeni, madalali, na taratibu za soko zilizomweka mkulima mwisho wa foleni. Matatizo hayo yanahitaji serikali yenye ujuzi na nia, na jina la ukoo la rais halina dawa yake.

Kinyume chake, jambo kubwa analokumbukwa nalo Kibaki, elimu ya msingi bila malipo iliyoanza Januari 2003, lilimfikia mtoto wa Turkana kama lilivyomfikia wa Othaya. Na hapa historia inatoa funzo ambalo wahubiri wa "mtu wetu" hulikwepa. Katika uchaguzi wa 2002 wagombea wawili wakuu, Kibaki na Uhuru, walitoka jamii moja. Swali la kabila lilipoondoka mezani, wapiga kura wa nchi nzima walibaki na maswali mengine: nani ana uzoefu wa kazi, nani anabebwa na chama kilichochosha watu, nani ameahidi nini. Kibaki alipata zaidi ya asilimia 60 ya kura. Wakenya, basi, wanajua kupima wagombea. Wamezoeshwa kutopima.

Maamuzi mazito ya rais humwangukia kila mtu bila kuuliza kabila. Deni la taifa lilikuwa chini ya shilingi trilioni 2 mwaka 2013 Uhuru alipoapishwa. Alipoondoka lilikuwa limepita trilioni 8, na mkulima wa Gatundu analilipa pamoja na mvuvi wa Homa Bay. Julai 2023, chini ya Rais William Ruto, kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwendesha bodaboda wa Eldoret, mji wa nyumbani kwa rais, akijaza tangi hutozwa kiwango kile kile anachotozwa mwenzake wa Kisumu. Ndiyo sababu Juni 2024, Mswada wa Fedha wenye kodi mpya ulipokuwa Bungeni, vijana wa Eldoret waliingia barabarani kama wale wa Nairobi, Mombasa na Nyeri. Walikuwa wamegundua mfukoni mwao kile ambacho wazee wao hawakutaka kukisikia.

Ni kweli wapo wanaokula "mtu wetu" anaposhinda: wateule wa bodi za mashirika, wenye zabuni, jamaa waliopenyezwa wizarani. Hao ni wachache kupita kiasi, na ndio wanaopaza sauti zaidi kwamba jamii nzima imeshinda. Mwaka 2023 Naibu Rais Rigathi Gachagua aliilinganisha serikali na kampuni yenye wanahisa, kwamba walioipigia kura ndio wenye haki ya kuvuna kwanza. Seneti ilimwondoa madarakani tarehe 17 Oktoba 2024. Hisa alizozihubiri hazikumlinda hata yeye.

Mgombea wa urais apimwe kwa yale ambayo rais huyaamua kweli: kodi, mikopo, uteuzi wa mawaziri na usalama. Chukua wagombea wakuu wa 2022. Ruto alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Kilimo, na alipoingia Ikulu alishusha bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 3,500. Ujuzi huo ulionekana katika rekodi yake mapema. Lakini pia alikuwa Naibu Rais kwa miaka yote ile deni lilipokuwa likipaa, na mtu aliyetaka kujua kodi zingeelekea wapi alikuwa na mahali pa kuanzia. Marehemu Raila Odinga alikuwa na sifa isiyopingika ya kupigania vyama vingi na ugatuzi, na pia alikuwa amekaa miaka mitano kama Waziri Mkuu, muda wa kutosha kuchunguza utendaji wake ofisini. Alisusia mdahalo wa urais wa Julai 2022, kama Uhuru alivyosusia ule wa 2017.  Mara zote mbili wafuasi wao walipaswa kukasirika, kwa sababu mgombea anayekataa kuulizwa maswali akiwa anaomba kazi hatayajibu akishaipata.

Hesabu yenyewe inaikataa imani hii. Katika sensa ya 2019 jamii kubwa kuliko zote, Wakikuyu, ilikuwa takriban asilimia 17 ya Wakenya. Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24. Hakuna jamii inayoweza kumweka mtu Ikulu peke yake, na hakuna rais anayedaiwa fadhila na jamii moja pekee.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko wazi kwa umma, kumbukumbu za Bunge zipo, na wengi wa watakaoomba urais wamewahi kushika ofisi ya umma. Wapiga kura wa Nyeri wamuulize mtu wa Nyeri maswali yale yale wanayomuuliza mtu wa Siaya, na asiyeyajibu wamnyime kura, awe wao au asiwe wao.