Tusiwazike Wazee Wetu Mara ya Pili



Kila tunapofagia kabati za parokia, hapa Katana, husikika neno moja: «Kaseti hizi za video ni za kutupa, zimepitwa na wakati.» Husemwa na watu wema. Hata hivyo tunalipinga, kwa kuwa linaua kumbukumbu.

Ndani ya kaseti hizo mna upadrisho, arusi, jubilei za masista na mazishi ya wazee. Vita vilipopita, nyumba ziliporwa na picha za karatasi zikateketea. Kwa familia kadhaa, kaseti ndiyo mahali pekee ambapo baba aliyefariki bado anatembea na kuimba.

Tuungame kwanza kosa letu wenyewe. Mwaka jana tulitoa kabatini kaseti ya jubilei ya katekista mzee aliyetufundisha sala. Wajukuu wake walikuwa wameketi wakingoja. Ukanda ulikuwa umeota ukungu mweupe. Tuliuona, tukautia mashineni kwa pupa, nao ukakatika. Hakuna aliyetuibia. Ni sisi tuliouacha miaka yote kando ya ukuta wenye unyevu.

Kaseti si jiwe. Ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo hunywa unyevu wa hewa. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Kivu, wenye mvua karibu mwaka mzima, tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Tena mashine za kusomea zinakwisha: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikiunda mashine za VHS, iliacha mwaka 2016. Kaseti nzima isiyo na mashine ni barua isiyo na msomaji.

Wapo wanaotujibu: «Maskini kwanza.» Jibu hilo lina heshima yake, lakini halitoshi. Bwana aliwashibisha maelfu kwanza, kisha akaagiza vipande vilivyosalia viokotwe, na vikapu kumi na viwili vikajaa. Hakuona ugomvi kati ya kulisha na kuokota. Tena maskini ndiye mwenye hasara kubwa zaidi hapa: tajiri ana albamu na maktaba, mjane ana kaseti moja tu.

Wengine husema: «Wazungu watatuhifadhia.» Kweli, filamu nyingi za wamisionari zimetunzwa vizuri huko Leuven, Ubelgiji. Tunawashukuru waliozitunza. Lakini je, ni haki mtoto wa Katana aombe visa ili aone uso wa babu yake? Walichokirekodi wageni kiko kwao. Tulichokirekodi sisi kiko mikononi mwetu, nacho kinaoza.

Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Kijana aliyezaliwa mwaka ule leo aweza kuwa baba wa watoto. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alizuiwa kukaa jimboni mwake mwaka 2000, akafia Roma tarehe 4 Oktoba mwaka uleule. Wapo waliotaka wachungaji hao wanyamaze. Iwapo katika nyumba zetu kuna kaseti ya Misa yao, nasi tukaiacha iote ukungu, tutakuwa tumewasaidia wanyamazishaji bure.

Basi tufanye nini? Kila shirika liandike orodha ya kaseti zilizopo, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tuvunje kile kibati kidogo cha plastiki ubavuni mwa kaseti, mtu asije akarekodi mpira juu ya ndoa ya wazazi wake. Kaseti yenye ukungu isichezwe kabla ya kusafishwa na fundi. Kisha tuchangie mashine moja nzima na tarakilishi moja. Kaseti ya saa moja huhamishwa kwa saa moja, na vijana wetu wana saa hizo. Nakala ziwe angalau mbili, katika diski mbili, nyumba mbili tofauti. Kuziweka katika simu pekee ni kuzihamisha kutoka kaburi moja hadi jingine.

Kila tarehe 2 Novemba tunawaombea marehemu wetu kwa majina. Mwaka huu, kabla ya siku hiyo, tufungue kabati.