Lami imefika Mpanda, lakini Subaru ya turbo itakufaa kwa kila siku?

Barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda, yenye urefu wa karibu kilometa 343, ilizinduliwa mwaka 2022. Kabla ya hapo, mtu wa Mpanda aliyetaka gari hakuwa na mengi ya kuchagua. Ilikuwa Land Cruiser, Hilux, au Noah kwa aliyejipa moyo. Msimu wa mvua njia ya Inyonga ndiyo ilikuwa inaamua nani afike na nani alale porini.

Lami imebadilisha mahesabu. Kijana aliyeuza mpunga wa Mpimbwe, mwenye kauwezo kutoka machimbo ya dhahabu, au mtumishi aliyepata mkopo, sasa anaweza kuota gari ya chini yenye nguvu. Majina ni yaleyale unayoyajua: Subaru Impreza WRX, Forester ya turbo, Toyota Altezza, Mark II na Chaser zenye injini ya 1JZ, na Mark X kwa wanaotaka ukubwa na utulivu.

Bei kwenye mitandao ya wauzaji wa Japani inavutia. Gari iliyotoka kiwandani mwaka 2003, rangi bado inang'aa, kilometa zinaonekana chache. Swali ni je, hiyo gari itakupeleka kazini Jumatatu hadi Jumamosi, hapa Mpanda? Kuionyesha barabarani Jumapili hilo ni jambo lingine kabisa.

Jibu langu ni kwamba bei ya kununua ndiyo sehemu rahisi. Kinachomuumiza mtu wa Katavi ni siku ambazo gari inakaa juu ya mawe ikisubiri spea.

Kwa nini Japani wanaziachia

Mjapani hauzi gari kwa sababu imekufa. Kule kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari mpya ya abiria hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na gharama yake si ndogo. Wengi wanaona bora wauze kuliko kuilipia tena gari ya zamani. Ndipo inaingia mnadani, na sisi tunaoendesha upande wa kushoto kama wao tunakuwa wateja wa asili.

Ila kwenye gari za mwendo kasi tuna mpinzani. Marekani inaruhusu gari ambayo haikutengenezwa kwa soko lake kuingia bila masharti mengi ya usalama ikishafikisha miaka 25. Kwa hiyo Skyline, Supra na WRX nzuri za miaka ya 1990 mwishoni zinagombewa na watu wenye dola. Zile safi, za gia ya mkono, ambazo hazijachezewa, zinapanda bei. Kinachobaki kwenye bajeti yetu mara nyingi ni otomatiki, au gari iliyoshapita mikononi mwa vijana wa Kijapani waliobadilisha turbo, ekzosi na kompyuta ya injini. Hiyo ya pili ikimbie.

Majirani nao wamefunga milango. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haijakataza umri, inautoza kodi.

Kodi inahesabu miaka, haijali hali ya gari

Tuchukue mfano rahisi. Tuseme TRA imeipa gari yako thamani ya shilingi milioni 10 ikiwa imefika bandarini. Kumbuka, TRA inatumia thamani iliyomo kwenye kikokotoo chake, na si lazima ilingane na risiti ya muuzaji wako.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Unafika milioni 12.5. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000, na asilimia 10 ikizidi cc 2000. Kisha kuna ule wa uchakavu. Gari binafsi ya miaka 8 hadi 10 inalipa asilimia 15, na iliyozidi miaka 10 inalipa asilimia 30. Mwisho inakuja VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo.

Kwa Impreza ya cc 2000, ukijumlisha unapata karibu milioni 9.9 za kodi. Kwa Chaser au Mark X ya cc 2500 unafika milioni 10.6 na ushee. Hapo sijaweka tozo ndogondogo, usajili, wakala wa forodha wala gharama za bandari. Kwa maneno mengine unanunua gari mara mbili.

Hiyo asilimia 30 haitofautishi Altezza iliyotunzwa kama yai na ile iliyogongwa ikanyooshwa. Zote zina zaidi ya miaka 10, zote zinalipa sawa. Mtu akishalipa kodi yote hiyo, mfuko wa matengenezo unabaki mtupu, na gari ya zamani yenye turbo huwa inadai matengenezo mwezi wa kwanza tu.

Ndiyo maana wengi wanaamua kununua iliyoko nchini tayari, namba C au namba D. Bei inashuka, lakini unarithi historia ya mtu mwingine, ikiwemo deni. Kabla hujatoa hela, angalia namba ya gari kwenye mfumo wa faini za barabarani. Gari yenye mbio huwa na mkeka mrefu.

Mafuta

EWURA inatangaza bei kikomo kila mwezi, na kwa kuwa mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini, lita ya Mpanda huwa juu kuliko ya Dar. Kwa urahisi wa hesabu tuweke shilingi 3,000.

Subaru ya turbo otomatiki, yenye miaka 20, ikipata kilometa 8 kwa lita safari ndefu imejitahidi. Mpanda hadi Tabora itakula karibu lita 43, yaani 129,000. Gari ya kawaida ya cc 1500 inayokwenda kilometa 14 kwa lita itatumia 73,500. Mjini tofauti inauma zaidi, kwa sababu safari za Makanyagio, Kawajense na Majengo ni fupi na injini haipati hata muda wa kupata moto vizuri. Ukitembea kilometa 20 kwa siku, siku 26 za mwezi, turbo inakula kama 220,000 na nyingine kama 130,000.

Na tangu mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na shilingi 40 kuongezwa kwenye lita ya mafuta, anayetumia lita nyingi ndiye analipa zaidi. Huwezi kukwepa.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Turbo nyingi za Kijapani, na hata baadhi ya Mark X za V6 zisizo na turbo, zilipangwa zitumie petroli ya daraja la juu, ambayo Japani inaanzia okteni 96 na kwa kawaida inauzwa ikiwa 100. Vituo vingi vya mikoani kwetu vina petroli ya aina moja tu. Injini ya turbo ikipewa okteni ndogo huku unakanyaga, mafuta yanawaka kabla ya wakati, unasikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Kompyuta ya gari inajaribu kujilinda kwa kupunguza nguvu. Ikiwa mtu ameichezea hiyo kompyuta, hakuna ulinzi, na pistoni ndiyo inalipa. Ule ubora ulioununua kwa bei mbaya hauupati, na hatari yake unabaki nayo.

Spea iko Gerezani, wewe uko Mpanda

Hapa ndipo penye habari yenyewe.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni takriban kilometa 1,200. Spea ya IST, Noah au Hilux unaweza kuipata mjini hapa, au Tabora, au fundi akabuni kitu cha kukusogeza. Spea ya Impreza ya turbo utaitafuta Kariakoo, mtaa wa Gerezani, kwa mtu usiyemwona. Unamtumia picha kwa WhatsApp, anakutumia picha, unalipa kwa simu, anapakia kwenye basi. Kama ni sahihi, bahati yako. Kama sensa ina plagi ya pini tatu na yako ina nne, inarudi Dar na wewe unapanda bodaboda tena.

Na Subaru ina tabia ya kuficha tofauti. Injini ya EJ20 iko ya aina nyingi, yenye turbo na isiyo na turbo, na miaka jirani haishiriki kila kifaa. Usimwambie muuzaji "nataka ya Forester 2004". Mpe namba ya chesisi na namba ya injini, na piga picha ya kifaa cha zamani kikiwa mkononi mwa fundi pande zote mbili.

Halafu kuna mkanda wa taimingi. Kwenye EJ20 ya turbo unatakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika injini ikiwa inafanya kazi, valvu na pistoni zinagongana, na hapo huongelei tena mkanda, unaongelea injini nyingine. Gari ikiwa na miaka 20 na dashibodi inasema kilometa 98,000, usiamini. Badilisha mkanda, pulei zake na pampu ya maji kwa pamoja, ukiwa bado Dar kuchukua gari. Ni uamuzi mmoja unaoweza kukuokoa kulala Koga na simba.

Oili nayo si ya kusubiri. Turbo inazunguka kwa kasi kubwa mno na inalindwa na oili hiyohiyo ya injini. Kilometa 5,000, badilisha. Oili ya bei chee ya kwenye madumu yasiyo na jina haifai hata kidogo. Mark X haina shida ya turbo, ila injini yake inanyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda na hukusanya masizi kwenye valvu, na kuyasafisha kunahitaji fundi anayeijua.

Fundi wa Mpanda si mjinga. Shida ni kwamba amefanya Land Cruiser mia na Impreza tatu. Mlipe mtu kwa uzoefu wake, usimlaumu kwa asichokiona kila siku. Kabla ya kununua, mfuate umuulize waziwazi: mashine yako ya kupima inasoma Subaru? Akisita, umeshapata jibu.

Lami ina mwisho

Ndani ya mji na kwenda Tabora utaenjoy. Njia ya Sitalike nayo ina lami, na mbung'o wa hifadhini watakukimbiza bila kujali una farasi 250. Lakini maisha ya Katavi hayako kwenye lami peke yake. Shamba liko ndani, machimbo yako ndani, msiba uko kijijini Novemba mvua imeanza. Altezza iliyoshushwa shokapu itaacha sampo ya oili kwenye jiwe la kwanza. Forester yenye nafasi ya karibu sentimeta 20 chini na magurudumu manne yanayovuta ni hadithi tofauti, na katika kundi hili lote ndiyo pekee ningeiangalia mara mbili.

Na hiyo kasi utaitumia wapi? Kila kijiji ni 50, kuna matuta, kuna ng'ombe, kuna askari na tochi. Faini ya 30,000 haiulizi una turbo au huna.

Nani anunue

Mwenye gari moja tu, inayopeleka watoto shule na kuleta chakula, aiache turbo. Forester ya cc 2000 isiyo na turbo ina bodi ileile, inapita palepale, inakula kidogo zaidi ya wastani tu, na haidai petroli ya daraja la juu. Kwa Altezza, ile ya silinda sita ya 1G ni mpole na spea zake zinafanana na za Mark II na Crown nyingi zilizoko nchini. Ile ya RS200 yenye injini ya Beams ni tamu, lakini ni ya mwenye gari ya pili nyumbani.

Mwenye pikipiki au Noah pembeni, na akiba ya angalau milioni tatu ambayo haitaguswa na ada wala mbolea, anaweza kujaribu. Aombe karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 3.5 linafaa, herufi R maana yake gari ilipata ajali ikatengenezwa. Alinganishe kilometa za karatasi na za dashibodi. Aikatae yoyote yenye ekzosi kubwa, geji za ziada au turbo isiyo ya kiwandani.

Na apige hesabu ya siku ya kuuza. IST ikibandikwa tangazo asubuhi, jioni ina mtu. Impreza ya turbo Mpanda inasubiri mnunuzi anayeipenda kama ulivyoipenda wewe, na huyo mara nyingi yuko Mbeya, Mwanza au Dar, na atataka umshushie bei ya mafuta ya kuifuata.