Magari ya Umma Yasianikwe Juani

Ni jambo la kusikitisha kuona magari ya Serikali, Unguja na Pemba, yakianikwa juani mchana kutwa kama dagaa, ilhali kivuli cha mwembe ki hatua chache tu. Jua hupenya vioo, likavipasha moto viti na dashibodi, na joto likakosa pa kutokea. Siku ya nyuzi 32 za Selsiasi, ndani ya gari lililofungwa joto hupita nyuzi 50 kabla ya saa moja kwisha. Viti hupasuka; na mtoto aliyeachwa humo, hata kitambo kidogo, yumo hatarini.

Tunawakumbusha wakuu wa idara: banda la makuti na kitambaa cha kuzibia kioo cha mbele ni gharama ndogo. Viti vipya hununuliwa kwa jasho la wananchi. Mali ya umma ni amana.