Shepadi si mbwa wa kila nyumba

MWAKA jana kijana mmoja, jirani yangu hapa Kirongwe, alirudi kutoka Dar es Salaam kwa boti ya Nyamisati akiwa amebeba boksi lililotobolewa matundu. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa wa Kijerumani, yule ambaye mitaani huitwa shepadi. Alikuwa na umri wa wiki saba hivi, masikio yamelala, miguu minene, mkia hautulii.

"Baba mdogo," aliniambia, "huyu ndiye mwarobaini wa nguruwe na wezi wa nazi."

Nilimwuliza maswali matatu. Je, amechanjwa? Nani atashinda naye wewe ukiwa baharini? Na mama yako anasemaje? Alicheka tu. "Muone alivyo mchangamfu, baba mdogo. Huyu hana shida na mtu."

Leo mbwa huyo amefungwa mnyororo kwenye mnazi nyuma ya nyumba. Anabweka kutwa. Amekwisha kuua kuku wa majirani, na mwezi uliopita alimng'ata mtoto wa darasa la pili aliyekwenda kuokota mpira wake. Mbwa alikuwa hajachanjwa. Mtoto aliwahishwa kupata sindano, mbwa akawekwa chini ya uangalizi wa siku kumi, na kwa siku hizo kumi mama wa mtoto hakupata usingizi. Tunashukuru mbwa alibaki mzima na mtoto amepona.

Ndugu msomaji, sisimulii haya ili kumcheka jirani. Nayasimulia kwa sababu siku hizi biashara ya mbwa wa kigeni imeshamiri. Picha zao zinatembea kwenye simu za mkononi, na kila muuzaji anatangaza kwamba mbwa wake ni "mchangamfu na mzuri kwa familia". Swali la kujiuliza ni hili: mzuri kwa familia ipi?

Nianze na silika ya mbwa mwenyewe. Shepadi alianza kuendelezwa kama aina rasmi huko Ujerumani mwaka 1899, na ofisa wa zamani wa jeshi aliyeitwa Max von Stephanitz. Hakutafuta mbwa wa kulala barazani. Alitaka mbwa wa kuchunga kondoo, atakayekimbia kutwa nzima pembeni mwa kundi, akisikiliza sauti ya mchungaji na kumrudisha kondoo anayetaka kuingia kwenye shamba la watu. Baadaye majeshi na polisi wa nchi nyingi wakamchukua, kwa sababu ana akili, hachoki upesi na anapenda kupewa amri.

Sifa zote hizo ni za kweli. Lakini sifa ya kazini inaweza kuwa balaa nyumbani. Mbwa aliyezaliwa kukimbia kutwa, ukimfunga kwenye mnazi, ile nguvu haiishi. Inageuka kuwa kubweka, kuchimba, kutafuna nyavu na ndara, na hatimaye kung'ata. Hali kadhalika, mbwa mwenye silika ya kuchunga akiona watoto wanakimbia huwafuata na kuwauma visigino, maana kwake hao ndio kondoo. Akiwa mdogo watu hucheka. Akifikisha kilo 30 na zaidi hakuna anayecheka.

Kwa maoni yangu, uchangamfu wa mbwa si sifa wala si kasoro. Ni nguvu inayotafuta kazi. Mwenye nyumba asiye na kazi ya kumpa asimlaumu mbwa kwa kujitafutia.

Sasa tuitazame familia ya kawaida ya hapa Kirongwe. Baba yuko baharini au anakwea minazi. Mama yuko shambani kwenye mihogo na mpunga. Watoto asubuhi wako shule na mchana wako chuoni. Nyumba nyingi hazina ua wa kumzuia mbwa. Kuku, mbuzi na watoto wa mtaa mzima hupita mlangoni. Nani atamtembeza mbwa huyu saa nzima asubuhi na saa nzima jioni? Nani atamfundisha kukaa na kuacha? Tena ana manyoya mazito ya tabaka mbili yaliyofaa baridi ya Ulaya, na huku kwetu joto na unyevu humtesa, kupe na viroboto wakizidisha mateso.

Aidha, liko suala la dini ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Wengi wetu kisiwani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kufuga mbwa kwa ajili ya shamba, mifugo au uwindaji kunaruhusiwa. Wazee wetu walijua hivyo na wapo waliofuga. Lakini mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Sasa mlete mbwa ambaye furaha yake ni kumrukia kila mtu na kumlamba mikono. Mzee amevaa kanzu anakwenda kuswali Alasiri, mbwa huyo hapo kifuani! Wahenga walisema ukimzoea mbwa ataingia nawe msikitini. Mbwa wa namna hiyo huleta ugomvi baina ya nyumba na nyumba, na huo ni hasara ambayo haimo kwenye bei uliyolipa.

Wapo watakaosema tatizo ni shepadi peke yake, kwamba ukichagua aina nyingine utapona. Hapana. Mfano mzuri unatoka kwa jirani zetu wa Kongo. Huko wako mbwa wadogo wa kuwindia, wepesi, wenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja mgongoni. Ulimwengu unawaita basenji, jina linalohusishwa na neno lilelile la "washenzi" ambalo na sisi tunalo. Wazungu waliwapeleka Uingereza mwaka 1895 ili kuwaonyesha, lakini wakafa kwa maradhi. Walifanikiwa kuwafuga huko kuanzia miaka ya 1930, na mwaka 1937 basenji walionyeshwa tena hadharani.

Watu wa mijini waliwapenda kwa sababu mbili: basenji habweki kama mbwa wengine, na hujisafisha kwa ulimi kama paka. Wakadhani wamepata mbwa wa nyumbani asiye na usumbufu. Kumbe mbwa asiyebweka si mbwa aliyetulia. Basenji ni mwindaji. Kule msituni huvalishwa kengele shingoni ili mwenyewe ajue yuko wapi. Akifungiwa ndani peke yake hutafuna viti, hupanda uzio na kutoroka, na akimwona mnyama mdogo anakimbia haitiki tena wito wa mtu. Wengi waliomnunua kwa sifa ya ukimya walijutia.

Ona basi maajabu haya. Wao walimchukua mbwa wa msituni wakamweka sebuleni, na sisi tunamchukua mbwa wa kondoo wa Ujerumani tunamfunga kwenye mnazi. Kosa ni moja: kununua sura na sifa moja, bila kuuliza mnyama huyu aliumbiwa kazi gani.

Nakiri kwamba shida iliyomsukuma jirani yangu ni ya kweli. Mkulima wa Mafia anajua nguruwe pori wanavyoweza kulimaliza shamba la mihogo kwa usiku mmoja, na tumbili wanavyovizia mchana. Watu wamekesha kwenye madungu tangu enzi za mababu. Lakini shepadi mmoja aliyefungwa nyumbani hamfukuzi nguruwe aliye shambani nusu saa kwa miguu. Na ukimfungulia usiku bila mafunzo, atakwenda kwenye mbuzi wa watu kabla hajafika kwa nguruwe.

Kazi ya shambani inahitaji mbwa anayestahimili joto, anayekula kidogo, anayejua mipaka ya shamba na anayepiga kelele mapema ili mtu aliye kwenye dungu aamke. Mbwa wa kienyeji, yule tunayemdharau kwa kumwita koko, anaiweza kazi hiyo. Mwizi wa nazi naye hahitaji mbwa wa kilo 40 ili aogope. Anaogopa kelele, kwa sababu kelele huamsha watu. Samaki mkunje angali mbichi: mbwa wa kienyeji akizoeshwa tangu mdogo kukaa nje, kutogusa kuku na kumjua mwenye shamba, anamtosha mkulima.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote, nalo ni lile boksi lenyewe. Sisi ni watu wa kisiwa. Bahari inatukinga na mengi, lakini boti huvusha kila kitu, yakiwamo maradhi. Kichaa cha mbwa hakina tiba baada ya dalili kujitokeza; mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote wakiambukizwa na mbwa, na kwamba kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Wenzetu wa Pemba wana la kutufundisha. Kampeni za kuchanja mbwa zilikuwa zimekwisha kuutokomeza ugonjwa huu kisiwani humo mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya virusi walibaini kuwa vimeingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Virusi haviogelei, huletwa. Ikabidi kampeni za chanjo zirudiwe, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 ugonjwa ulikuwa umetokomezwa tena. Somo ni kwamba kisiwa kinaweza kushinda, na kwamba mbwa mmoja aliyevushwa kiholela anaweza kuurudisha nyuma ushindi huo.

Nifanye nini basi, atauliza msomaji anayetaka mbwa kwa dhati?

Kwanza, taja kazi kabla ya kutaja aina. Kama una ng'ombe wa kuchunga, ua imara, muda wa kila siku na fedha za chakula na daktari wa mifugo, shepadi anaweza kukufaa sana. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo, mwache.

Pili, usivushe mbwa asiyechanjwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Anayekuuzia mbwa wa wiki saba anakuuzia mbwa ambaye bado hana kinga hiyo. Subiri achanjwe, kinga yake ikomae, ndipo umsafirishe kwa kibali cha ofisa mifugo.

Tatu, wafundishe watoto. Wasimsogelee mbwa anayekula, aliyelala au aliyefungwa. Wasimkimbie. Na yeyote akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kupaka majivu au mafuta na kusubiri ni kucheza na kifo.

Kwa wahusika, ombi langu ni moja. Wasafirishaji wa Nyamisati na Kilindoni wanakagua tiketi ya kila abiria. Haitakuwa kazi kubwa kuuliza pia cheti cha chanjo cha kila mbwa. Na maofisa mifugo wanapochanja, wasiishie kwa mbwa wa hoteli na wa wakubwa. WHO inashauri angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe, na hao koko wa mashambani ndio wengi.

Jirani yangu ameshakubali. Juzi alikuja akaketi kwenye kibaraza changu akasema, "Baba mdogo, nisaidie kumtafutia mtu mwenye ng'ombe." Tumempata mmoja, na mbwa atachanjwa kabla hajaondoka. Nadhani akipata kundi la kuchunga atatulia. Mbwa hakuwa mbaya. Alikuwa hana kazi, kwenye nyumba ambayo haikuwa na kazi ya kumpa.