Roboti za Kinshasa ni somo kwa watoto wa wakimbizi wa vita

Mwaka 2013, raia wa Kinshasa walianza kuona roboti za alumini zikiongoza magari kwenye makutano ya barabara, zikiinua mikono na kuwasha taa nyekundu na kijani. Hazikutoka Ulaya wala China. Ziliundwa na wahandisi wakongomani wa shirika Women's Technology, wakiongozwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi. Mwaka 2015 ziliongezwa zingine tatu.

Wahandisi hao walianzia kwenye shida ya mji wao, ajali na msongamano wa magari. Tena hawakungojea umeme ambao hukatika kila mara. Roboti zao ziliundwa kutumia mwangaza wa jua.

Mwanafunzi anayejaribu kuunda roboti, hata ndogo ya mbao, hukutana na masomo yale yale. Mota inazunguka vizuri juu ya meza, lakini ikifungwa mkono inashindwa na uzito. Waya unaachia. Batri inaisha mapema. Hapo kikundi kinalazimika kuketi pamoja na kutafuta sababu. Darasani kosa huleta sifuri, lakini katika karakana kosa ndilo linaloonyesha pa kutengeneza.

Kwa bahati mbaya, wanafunzi wengi wa sehemu ya umeme wanamaliza masomo wakiwa wamechora mota ubaoni bila kufungua hata moja. Kwa watoto waliokimbia vita hali ni mbaya zaidi, maana wameacha nyuma hata daftari.

Wengine watasema mtoto mwenye njaa hahitaji roboti. Ni kweli, chakula kwanza. Lakini ndani ya kambi hizo hizo kuna vijana wanaotengeneza redio na kuchaji simu ili wapate unga wa jioni. Mota ya redio ya kaseti iliyokufa, batri ndogo, waya na kipande cha karton vinatosha kuunda mkono unaosogea. Atakayejua kwa nini mkono huo umekataa, kesho atatengeneza pampu ya maji au taa ya jua.

Basi shule zinazopokea watoto wa wakimbizi zifungue karakana zao walau siku moja kwa juma. Mashirika yanayogawa madaftari yaongeze bisibisi na koleo. Na wazazi wasiwaache wasichana nyumbani siku hiyo: aliyeongoza kazi ya roboti za Kinshasa ni mwanamke.