Wenye redio wajitaje, Kigoma tumeshaumwa!

Kijana mwenzangu wa Mwanga, Ujiji na Kibirizi, nikuulize swali la kijiweni. Redio unayoifungulia asubuhi ukisubiri abiria, au ukisubiri mitumbwi ya dagaa ifike mwaloni, ni ya nani? Sikuulizi mtangazaji, huyo unamjua mpaka kicheko chake. Nauliza mwenye mali: anayelipa mshahara, anayeweza kupiga simu usiku akasema habari ile isitoke.

Hujui, eeh?

Usiniambie hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Thubutu! Ni kwetu hapa redio ilipoingia kesini. Mwaka 1994, vyama vingi vikiwa bado vichanga, Kigoma Mjini kulifanyika uchaguzi mdogo. CCM walimsimamisha Azim Premji, CHADEMA wakamsimamisha Dk. Aman Walid Kabourou, ambaye sasa ni marehemu. Magazeti yalikuja na treni ya reli ya kati, yakifika habari imeshachacha. Sauti ya nchi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, mali ya umma, iliyoendeshwa kwa kodi ya kila mlalahoi, hata mama muuza mawese. Sauti hiyo ikavaa kijani. Premji akatangazwa mshindi.

Kabourou hakulala. Alifungua kesi na Mahakama Kuu ikautengua uchaguzi. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubali kwamba matangazo ya RTD yalimbeba mgombea wa CCM na kumkandamiza wa CHADEMA. Maneno ya redio, msomaji wangu, yakawekwa kwenye mizani iliyoung'oa ubunge!

Lakini angalia jambo moja. Hoja ile ilishika kwa sababu mwenye RTD alijulikana. Ni Serikali, na sheria ilimtaka asibague. Leo redio za watu binafsi ziko tele. Kigogo anaweza kununua hisa kwa jina la kampuni, au la shemeji yake, kisha uchaguzi ukifika akajipigia debe kama vile ni habari. Utamshitaki nani?

Gazeti la Uhuru afadhali, halijifichi, ni la CCM. Agosti 2021 lilipoandika kwamba Rais Samia hana mpango wa kugombea 2025, chama kiliwasimamisha wakuu wake, na Serikali ikalifungia siku 14. Mwenye mali alionekana mchana kweupe. Hata hili ulilolishika ni la chama, na ulijua hivyo ulipotoa hela yako.

Mamlaka ya Mawasiliano haitoi leseni ya redio bila kuoneshwa wenye hisa. Basi majina wanayo! Wayatoe hadharani, kila mwenye hisa na cheo chake katika chama. Redio nazo ziyasome hewani kabla ya kila taarifa ya habari wakati wa kampeni.

Wewe usisubiri. Ukipita studio ya mtaani kwako wiki hii, uliza mlangoni mwenye redio ni nani. Wakisema ni kampuni, uliza kampuni ya nani.