Vumbi la asbesto limetuingia hadi jikoni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku lililonikaa kifuani tangu Jumanne, na ninaposema kifuani sifanyi mzaha, kwa kuwa humo ndimo lilimoingia vumbi ninalokuja kulishtakia.

Upande wa kusini wa nyumba yangu, hapa Ziwa la Ng'ombe, liko jengo kongwe la umma ambalo sitalitaja, lililoezekwa mabamba ya asbesto tangu zama za Mwingereza. Asubuhi hiyo, ndiyo kwanza nimekunja msala baada ya dhuha, nikasikia nyundo. Vijana wanane, vifua wazi na kandambili miguuni, walikuwa juu wakiyavunja mabamba yale vipande vipande na kuyavurumisha chini, bighairi ya barakoa wala tone la maji. Na upepo wa kusi, ambao siku zote tunamshukuru Mola kwa baridi yake, ukalibeba vumbi la kijivu ukalileta barazani kwangu, likatua juu ya nguo za wajukuu zilizoanikwa na juu ya nazi aliyokuwa akiikuna mke wangu. Nikamwambia aimwage. Akaniuliza kama siku hizi nazi naziokota.

Msimamizi wao, aliyejikalia chini ya mwembe na simu sikioni, alinijibu, "Mzee, vumbi ni vumbi tu."

Hasha, Bwana Mhariri. Mimi katika ujana wangu nilikuwa fundi wa mabomba katika karakana ya meli, na mabomba ya mvuke tukiyaviringishia asbesto kwa mikono mitupu, tukirushiana madonge yake kama watoto wa chuoni. Baadaye ikaja sufi ya kioo, nayo ilituwasha ngozi na koo hata tukailaani, kumbe kuwasha kule kulikuwa rehema, maana kilichokuwasha kimekuonya, ilhali asbesto huingia kimya. Wenzangu wawili walistaafu wakawa hawapandi ngazi tatu pasi na kuhema. Tabibu alitueleza kwamba nyuzi zake ni nyembamba hata jicho halizioni, zikishavutwa hukwama mapafuni, mwili ukashindwa kuziyeyusha, na pafu likafanya makovu. Na kwamba zaweza kuleta saratani ya pafu lenyewe au ya utando unaolizunguka, baada ya miaka 20, 30, hata 40. Vijana wale wa Jumanne, basi, watadaiwa wakiwa na wajukuu.

Sisemi kila aishiye chini ya paa la namna hiyo ataumwa. Bamba zima lisiloguswa aghalabu halina neno, balaa ni kulivunja. Ndiyo maana kanuni za taka za nchi hii za mwaka 2006 zimeihesabu asbesto kuwa taka ya hatari, na utaratibu wa kuiondoa wajulikana: hulowanishwa, huteremshwa nzima, hufungwa katika nailoni nzito, huzikwa mahali palipoidhinishwa. Waingereza, ambao watawala wao ndio waliotuezekea, kwao waliipiga marufuku mwaka 1999.

Nikapanda matatu nikavuka daraja la Nyali kwenda kushtaki. Ofisi ya kwanza ikanituma ya pili, na ya pili ikanirudisha ya kwanza, ambako karani mmoja, kijana mwenye adabu zake, alinitaka nilete barua yenye muhuri wa mtaa pamoja na kipande cha hilo paa kiwe ushahidi. Nikamwuliza kama yu radhi nikiweke pale mezani, kando ya mahamri yake. Akacheka, akaniambia nirudi Jumatatu.

Na tuseme mafundi wale wangekuwa watiifu wa kanuni, hayo maji ya kulowanishia wangeyapata wapi? Mfereji wangu una wiki ya tatu hautoi ila mluzi. Twanunua mitungi kwa watu wa mikokoteni, na mwenye mkokoteni hutupangia bei kwa kadiri ya jua lilivyo kali. Hayo nayo tumeyasema mpaka ndimi zimechoka, kwa waheshimiwa ambao kila uchaguzi hutujia na fulana na ahadi za visima, kisha wakavuka daraja tusiwaone miaka mitano. Laiti kura zetu zingekuwa na nyuzi za kuwakwama kooni!

Lundo la vipande lingali kando ya njia. Jirani yangu amekwisha kujichukulia mabamba manne aezekee banda la kuku, na maneno yangu kwake yamekuwa wivu. Jana alasiri nikamkuta mjukuu wangu, mwana wa miaka sita, amechuchumaa barazani na kigae cha kijivu mkononi, ameandika jina lake lote sakafuni, kwa hati safi kabisa, na unga wake anaupuliza kwa mdomo ili herufi zionekane.

Mimi,
Fundi mstaafu,
Ziwa la Ng'ombe, Mombasa